Saa Mkononi Mwangu, Mkanda Kifuani kwa Baba

Nyumbani, 9 Machi

Kaka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kifurushi chako kilifika tangu Januari, na najua ulitegemea neno langu kwa dereva yuleyule aliyekileta. Alipita, nikamwambia njoo kesho. Akapita tena, nikamwambia vilevile, mpaka sasa ananiita Mama Kesho. Si kwamba sikuwa na la kusema. Kila nikishika kalamu, mtoto ananishika mimi. Leo amelala, Baba anasikiliza redio kwenye simu, na mimi nimekaa juu ya rundo la sare za shule zisizo na vifungo. Nikiziangalia sitaandika, kwa hiyo nimezikalia.

Salamu zetu ni za uzima. Shemeji yako bado yuko zamu ya usiku kiwanda cha mikate. Anarudi asubuhi ana unga mpaka kwenye nyusi, analala mchana, tunapishana mlangoni kama walinzi. Mpwa wako Baba anamwita Bibi Kidogo, kwa vile hana nywele, hana meno, na anagombeza kila mtu. Juzi ameota jino la chini. Baba anasema amepunguzwa cheo.

Baba mwenyewe yupo. Daktari amesema moyo wake hukimbia ghafla, halafu huruka pigo. Ukipita mapigo mia na ishirini kwa dakika akiwa amekaa, na ukabaki hapo, tusisubiri kupambazuke, tumpeleke. Ndiyo maana ukatuma hiyo saa na huo mkanda wa kifuani wa kuhesabu mapigo, na nakushukuru, Mungu akuzidishie. Baba alipoviona alisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Lakini mkanda alikubali kufungwa.

Sasa jambo lenyewe. Saa haiuoni mkanda. Nimefuata karatasi uliyoandika, nimebonyeza pale ulipochora mshale, inazungusha kile kiduara chake, inazungusha, halafu inasema hakuna kitu. Na mkanda uko hai, maana simu ya Baba imeuandika jina lake. Nimezima nikawasha mpaka kidole kimeota sugu nyingine, juu ya ile ya sindano.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba sasa ni moja, tangu yangu ilipozama kwenye beseni la nguo. Hiyo moja anayo Baba, na kila kinachoingia anakisoma kwa sauti. Na ukipiga Ijumaa, sote tunakuwa watu wa "hatujambo".

Utakuja lini? Baba hajauliza. Nauliza mimi.

Mdogo wako


Kazini, 30 Machi

Kitinda wetu,

Kuchelewa kwako nimekusamehe. Mimi ni nani wa kudai majibu ya haraka? Naandikia juu ya paa, kwenye chumba cha mashine ya lifti. Ni kidogo kama stoo, kina joto, kinanuka grisi, na chini yangu kuna ghorofa nzima ya watu wanaobonyeza kitufe wakidhani wakikibonyeza sana lifti itaona haya ije upesi. Mwenzangu ameniuliza kama naandika barua ya mapenzi. Nimemwambia ndiyo, kwa mshonaji mmoja mkali.

Mpe Bibi Kidogo pole ya cheo. Shemeji msalimie akiamka.

Nimesoma shida yako na nadhani nimeiona. Umesema simu imeuandika mkanda jina. Hapo hapo. Mkanda wa namna hii ni kama mtoto wa kubebwa, hauwezi kukaa kwenye migongo miwili. Simu ikiushika kwanza, saa haioni kitu. Kwa hiyo ingia kwenye simu, pale penye alama ya buluu ya kuunganisha vifaa, ubonyeze jina la mkanda, uifanye simu iusahau kabisa. Kisha utafute kwa saa, si kwa simu. Kabla ya hapo lowesha vile vipande viwili vyeusi vya upande wa ndani, maana ngozi kavu haipitishi habari. Ufunge chini ya kifua, ubane kiasi cha kidole kimoja kupita. Ukimvua, kichomoe kile kidude cha mbele, la sivyo kitaendelea kula betri kikidhani Baba bado yumo.

Halafu saa na mkanda vikae kwa mtu mmoja, na mkono wa saa usiwe mbali na kifua.

Ikiendelea kukata, niandikie inakata ukiwa wapi na unafanya nini. Mafundi hatutibu "haifanyi kazi". Tunatibu "inakata nikifanya hivi".

Mwambie Baba fimbo hii ni ya kupimia tu.

Kaka yako


Nyumbani, 22 Aprili

Kaka,

Safari hii aliyechelewa si mimi, ni lori, lililala gereji kwa ajili ya breki. Baba aliumwa mafua akapona. Bibi Kidogo naye akayachukua, sasa yuko nayo yeye, na mimi nayaonja kooni. Shemeji yako ameletewa zamu ya mchana halafu wakamnyang'anya kabla hajaifurahia.

Ulilosema ni kweli, simu ndiyo ilikuwa mwizi. Niliifanya iusahau mkanda, Baba akilalamika kwamba naivuruga redio yake. Nikalowesha vile vipande kwa maji ya uvuguvugu, nikamfunga. Saa ikatetemeka, kikatokea kimoyo chekundu na namba: sabini na nne. Kaka, nilikaa chini. Unaishi na mtu umri wako wote hujapata kuuona moyo wake.

Lakini sasa inakata. Umeniuliza nikiwa wapi na nikifanya nini. Nitakwambia, ila usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Yale maneno kwamba vikae kwa mtu mmoja niliyaruka, kama mtu anavyoruka dimbwi. Saa naivaa mimi. Mkanda anauvaa Baba. Nilijaribu kumvalisha vyote viwili. Akaishusha saa ndani ya mkono wa shati, na ilipotetemeka akasema ni mbu. Akivaa yeye, nani ataangalia? Mimi nina mtoto mgongoni, mguu kwenye cherehani, wateja mlangoni wanaosema "mama, uliahidi jana". Siwezi kwenda chumba cha nyuma kila nikivuta pumzi. Nikiwa nayo mkononi nashona huku namwona.

Tatizo ni kabati la Mama, lile la chuma, linalosimama kati ya chumba changu cha kushonea na chumba cha Baba. Nikiwa upande wake, namba ipo. Nikilivuka tu, inaondoka, vinabaki vistari viwili. Najua ni kukatika tu. Kichwa kinajua. Lakini vistari viwili hivyo, Kaka, sipendi kile vinachofanana nacho. Naacha kitambaa chini ya sindano, namshika mtoto, nakimbia. Juzi nilimkuta anamenya chungwa.

"Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Nimekuja kuchukua uzi."

"Uzi uko sikioni kwako."

Na kweli, nilikuwa nimeuning'iniza sikioni.

Nimechoka, sikufichi. Nimechoka ule uchovu ambao ukilala unaamka nao mmelala wote wawili. Nieleze namna ya kuirefusha hiyo saa ifike chumba cha mbele. Na ulisoma vizuri shida ya saa, lakini swali langu la mwisho hukulijibu. Utakuja lini?

Mdogo wako


Kazini, 18 Mei

Kitinda,

Nimecheka habari ya uzi, kisha nikaacha kucheka. Pole mdogo wangu. Pole tena. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama kwenye shimo la lifti, na chumba tunacholala wanne kina dirisha linaloangalia ukuta. Ukuta wenyewe si mbaya.

Saa ile ilitengenezwa kwa mtu anayekimbia, imsikilize moyo wake mwenyewe. Wewe umeifanya imsikilize mwenzako. Mimi ningekuwa bosi wao ningekupa kazi. Lakini nguvu yake ni ya chumba kimoja. Mwili wa mtu unaizuia, maana tumejaa maji, na chuma kinaizuia kabisa. Huwezi kuirefusha. Unachoweza ni kuliondoa kabati njiani, au kuhamisha cherehani. Vyote viwili ni bora. Na saa uivae mkono ulio upande wa Baba, si huu unaozungusha gurudumu.

Ukibadilisha betri ya mkanda, ile bapa ya duara, igeuze kwanza kichwa chini kwa muda halafu irudishe vizuri. Inausahaulisha mkanda mambo ya zamani.

Mwaka huu kuna mkataba wa majengo mapya. Tutaona.

Kaka yako


Nyumbani, 2 Julai

Kaka,

Bibi Kidogo ameketi chini anang'ata kiatu cha baba yake, kwa hiyo nina muda kidogo. Ana meno manne sasa na anasimama akishika kanyagio la cherehani. Shemeji yako anakusalimu, na ameniambia nikuulize kama lifti zina likizo.

Tumehamisha kabati. Usidhani ilikuwa rahisi. Baba alisema, "Kabati la mama yenu halisogei." Nikamweleza kuwa chuma hakipitishi mawimbi. Akafikiri. "Mama yenu naye alikuwa hapitishi upuuzi," akasema, na akaamka kulisukuma yeye! Saa ikapanda mkononi mwangu tisini, mia, nikapiga kelele mpaka shemeji yako akatoka kitandani bila shati. Yeye na jirani fundi viatu ndio waliolivuta. Nguo za Mama hatukuzitoa, zimehamia nazo.

Nyuma ya kabati ukuta una ile rangi ya kijani uliyoipaka wewe kabla hujaondoka. Kwingine kote tumeshapaka juu yake. Baba aliitazama sana. Nilimuuliza kama tuipake nayo. Akasema brashi imekauka. Brashi haijakauka, nimeiona.

Cherehani sasa iko chumbani kwake, miguuni pa kitanda. Analalamikia kelele halafu analala kwazo. Saa haijakata tena. Nilidhani hapo nitapumzika, na siku chache kweli nilipumzika. Nimeshona sare za darasa zima bila kukimbia.

Sasa nisikilize. Hili sikutaka kuliandika, ndiyo maana barua imekaa.

Unajua Ijumaa ukipiga inavyokuwa. Mimi naongea, shemeji yako anapiga kelele ya salamu akiwa usingizini, halafu unasema, "Mzee yupo?" Nampa. Anasema, "Tunaendelea vizuri. Haya." Ananirudishia simu kama mtu anayerudisha chenji. Uso wake unaujua, ule wa mtu anayesubiri foleni ya maji. Tangu Mama alipofariki na wewe hukuja kumzika, ndivyo ilivyo kila Ijumaa, na mimi nilishaamua kwamba Baba amelifunga hilo jambo na ufunguo ameutupa.

Zamani nilikuwa nampa simu narudi mbele kushona. Sasa nimekaa palepale miguuni pake na saa iko mkononi. Ijumaa ya kwanza simu ilipolia, kabla hajaishika, namba ilitoka sabini na sita ikaenda tisini. Ulipouliza "Mzee yupo?" ilikuwa mia na tano. Aliposema "Tunaendelea vizuri" ilikuwa mia na kumi na nane. Sauti ile ile kavu. Uso ule ule. Nikauficha mkono wenye saa chini ya kitambaa.

Nikasema labda mkanda umekauka. Nikaulowesha. Ijumaa ya pili, vilevile. Nikabadilisha betri, nikaigeuza kichwa chini kama ulivyosema. Ya tatu, vilevile. Saa haina ubovu, Kaka.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi, na ulitaka nikwambie inakata nikifanya nini. Haikati. Inapanda, na inapanda kwa sauti yako.

Mdogo wako


Kazini, 25 Julai

Kitinda,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, kisha nikaisoma tena kule juu.

Kama sauti yangu inamfikisha karibu na ile mia na ishirini ya daktari, basi jibu ni rahisi. Nitaacha kupiga. Mwambie mtandao wa huku ni mbovu. Nitakuwa nakuandikia wewe, nawe utamwambia nilivyo.

Kitu kinachomwumiza mtu unakiondoa. Ndiyo kazi yangu.

Msalimie. Au usimsalimie, unavyoona.

Kaka


Nyumbani, 20 Agosti

Kaka yangu,

Sianzi na salamu ya nani mzima nani mgonjwa, maana leo barua yote ni hiyo. Mtoto anatembea. Hatua zake ni za mlevi, lakini anatembea. Hilo ujue, kisha tuendelee.

Uliacha kupiga kweli. Sikuamini, nikadhani utalegea.

Baba Ijumaa huvaa shati safi. Hukuwa unalijua hilo, na mimi nilikuwa nafua tu bila kufikiri. Analifunga vifungo mpaka juu, juu ya mkanda, anakaa kwenye kiti, si kitandani, na simu anaizima redio ili chaji isiishe. Ijumaa ile ya kwanza alikaa. Mimi nashona. Namba ilianza kupanda mapema kuliko kawaida, tisini, tisini na nane. Saa yako ya kupiga ikapita. Mia na nne. Akaigeuza simu, akaifuta kioo kwa mkono wa shati.

"Hiyo saa yako imekufa?" akaniuliza.

"Haijafa, Baba."

"Basi ni simu iliyokufa."

"Nayo haijafa. Kaka kasema mtandao wa huko ni mbovu."

"Mtandao," akasema. "Anawapandisha watu wa ghorofani, sisi wa chini mtandao."

Unakumbuka nilivyokwambia, ukipiga inapanda? Sikukwambia kwamba ukikata anapumua, inashuka, na kabla sijamaliza mshono mmoja iko sabini na kitu. Siku ile haikushuka. Ilikaa mia na zaidi mpaka mtoto akalala, mpaka shemeji yako akaaga kwenda kazini, na Baba hajavua shati. Nikamwambia, twende kwa daktari. Akasema, "Kwa ugonjwa gani? Sijapigiwa simu, huo ni ugonjwa?" Kaka, tangu nizaliwe hajawahi kunionyesha yaliyo moyoni hata kiasi hicho.

Kesho yake nilimpeleka kwa nguvu. Daktari alitazama saa, akaniuliza kwa nini naivaa mimi, nikamweleza. Alicheka kidogo, akasema niendelee hivyo hivyo. Nikamweleza na habari ya simu yako. Akasema mkanda unahesabu mapigo tu, haujui kama mtu anaogopa au anafurahi, hilo ni letu kulijua. Amembadilishia kidonge cha jioni. Baba alipotoka nje kuvaa viatu, aliniambia na lingine, nami nakuandikia kama alivyolisema: kama yuko mtu wa kuja kumwona mzee huyu, aje wakati bado anaweza kumfungulia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo umekosea, fundi. Uliondoa kitu kisichokuwa na ubovu. Sikusoma shule, wewe ndiye uliyesoma, lakini mimi ndiye nimeuvaa moyo wa Baba mkononi tangu Aprili, nashona nao, nafua nao, nanyonyesha nao. Nakwambia hauumwi na sauti yako. Unaisubiri.

Kilichokuzuia kumzika Mama sikiulizi. Kibaki kwako mpaka siku utakapotaka kukitua, na ukikitua hapa hakuna atakayekipima uzito. Usiku wa maziko nililia mimi kwa niaba yako na yangu, hayo yamekwisha. Ila hayo ya "tutaona" nimeyachoka. Mimi ni mtu mmoja. Siwezi kuwa binti, na mtoto wa kiume, na simu.

Ijumaa piga. Piga na uongee, usiseme "Mzee yupo?" kama unauliza duka kama wana sukari. Mwulize kitu. Mwulize habari ya ukuta wa kijani. Mimi nitakuwa miguuni pake nimeshika mkono wangu, na ikizidi nitakuambia uongee polepole.

Dereva anaondoka asubuhi na amekataa kuniita jina jingine, kwa hiyo nimalizie. Ninavyohitaji bado uniletee ni hivi: betri mbili bapa za duara za mkanda, maana iliyomo imeanza kuonya. Utepe mpya wa mkanda, kidude cha mbele bado kizima, ila utepe umelegea kwa kufuliwa. Chukua ule mkubwa. Waya wa kuchajia saa, wa kwangu Bibi Kidogo ameutafuna. Sindano za cherehani za kitambaa kizito, paketi moja. Viatu vya Bibi Kidogo vya kutembelea, nimechora unyayo wake nyuma ya karatasi hii, ongeza upana wa kidole.

Na tarehe. Usinitumie ahadi, tuma tarehe, siku na mwezi, kwa mwandiko wako. Usije ghafla ukabisha hodi, moyo wake hautaki hivyo. Nitaibandika pale kwenye ile rangi yako ya kijani, mbele ya kiti chake, aizoee kidogo kidogo, nami nitakuwa naangalia saa.

Mdogo wako